Kitambaa Kisicho na Fundo

Kabla hamjaanza, naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika sindano zaidi ya kalamu. Maneno mengine sijui kama yanaandikwa pamoja au mbalimbali, kwa hiyo nayaandika kama ninavyoyasikia. Tena naandika taratibu sana. Nilianza baada ya chai ya asubuhi, sasa adhuhuri imeshaadhiniwa na bado niko kwenye mistari hii ya kwanza. Mkinivumilia nitafika.

Sikuwahi kudhani nina jambo la kuwaandikia watu. Hata kuongea naongea kwa shida, na wageni wakija nyumbani mimi ndiye niko jikoni. Lakini mwezi uliopita alifariki Bibi yangu, mzaa mama, hapa hapa kwetu Bagamoyo, na kwa mara ya kwanza wakubwa waliniita chumbani nisaidie kushona sanda. Walisema vidole vyangu ni vyepesi. Mama akaniambia, "Kafungue sanduku la nyuzi uniletee kafuri, iko upande wa kushoto." Nikaenda, nikapiga magoti, nikainua kifuniko. Harufu ikatoka. Ile harufu baridi inayopanda puani mpaka nyuma ya macho. Nikasahau nilichotumwa, wala si kwa kumlilia Bibi, Mungu anisamehe. Niliyemkumbuka ni mtu mwingine kabisa, ambaye sijui kama yuko hai. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa darasa la pili, nimesimama peke yangu kwenye ukumbi wenye sakafu nyekundu, na sindano mkononi.

Lazima nianze na kazi ya Bibi, la sivyo hamtanielewa. Bibi alikuwa akiosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Akiitwa, alijifunga kanga mbili, akachukua kikapu chake, akaenda. Sanda mara nyingi aliishonea nyumbani, juu ya mkeka, mlango ukiwa wazi ili apate mwanga. Siku moja nilimkuta akishona ya jirani yetu mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua. Nyuzi alizichomoa kwenye ukingo wa bafta ile ile, kitambaa cha sanda, moja moja, akashona mishono mirefu, na kila uzi ulipokwisha aliuachia tu. Mimi shuleni nilikuwa nimefundishwa kushona kifungo, najua uzi usipofungwa unachomoka.

"Bibi, umesahau fundo."

"Sijasahau."

"Utafumuka."

"Na ufumuke." Akakata uzi kwa meno. "Nguo ya maiti haipigwi fundo, mjukuu wangu. Fundo ni la aliye hai. Aliye hai ana cha kushikilia. Anayekwenda hafungwi."

Kisha akachukua kipande cha kafuri, akakisaga kwa kidole gumba, na harufu ikajaa chumbani. Nilikaa mbali, mgongo ukutani, nikayaweka maneno yale kichwani kama mtoto anavyoweka gololi mfukoni. Bafta nyeupe, kafuri, uzi usio na fundo. Vitu vitatu.

Miezi haikupita mingi, likaja tangazo la semina ya kudarizi. Siku tatu, kwenye ukumbi ulio jirani na misheni, kwa akina mama wote wanaopenda kazi ile, wa dini yoyote. Mama hakulala vizuri wiki nzima. Mama yangu alikuwa akidarizi tangu msichana, ila nyuzi hakuwa nazo. Alifumua masweta makuukuu, akazisuka nyuzi zake upya, akadarizi foronya za maharusi ambazo zilichuja rangi kwenye maji ya kwanza. Shule zilikuwa zimefungwa na Bibi alikuwa ameitwa mahali, kwa hiyo Mama alinichukua.

Walikuwa kumi na wanne. Wengine walitoka mjini, wengine Kerege, mmoja alitoka mbali kule Chalinze na alikuja na mto wake wa kulalia. Mwalimu alikuwa mama mtu mzima wa kutoka bara, Mwalimu Paulina, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kudarizi upande mmoja. Tulimwamkia shikamoo mmoja mmoja, naye akaitikia marahaba kila mmoja kwa kumwangalia vidole, si uso. Mezani pake kulikuwa na sanduku la mbao, kifuniko chake kimepakwa rangi ya manjano.

Akalifungua. Nyuzi za kila rangi zilipangwa humo kama mboga sokoni, na akina mama wakasema "Ooo!" kwa pamoja. Mimi sikuziona rangi. Nilisikia harufu. Alikuwa ameweka kafuri katikati ya nyuzi ili wadudu wasizile.

Halafu akagawa vitambaa. Kila mtu kipande cha bafta, cheupe, kipya.

Halafu akasema, "Kwangu mimi uzi haupigwi fundo. Unaacha mkia, unashona, ukimaliza unaurudisha mkia chini ya mishono. Nikikuta fundo nafumua. Kitambaa kinasemwa na mgongo wake. Siku ya tatu nitavigeuza vyote, na ambaye mgongo wa kitambaa chake ni safi kuliko wote, nitamwachia sanduku hili. Yeye ndiye atakayewafundisha wenzake kila Jumatano."

Nilimtazama Mama. Macho yake yalikuwa kwenye sanduku. Sijawahi kumwona akitaka kitu vile, na aliinamisha uso haraka kana kwamba ametamani chakula cha mtu.

Mtoto haulizi anachokiogopa. Anajijibu mwenyewe. Nilijijibu kwamba hawa akina mama kumi na wanne wameitwa hapa kila mmoja ashone sanda yake, mapema, kwa mkono wake, kabla siku yake haijafika. Maua waliyokuwa wakiyachora juu ya bafta kwa karatasi ya kaboni hayakunichanganya. Si tuliambiwa kwenye chuo cha Kurani kwamba peponi kuna bustani? Kilichonitisha ni kwamba walikuwa wakicheka.

Na aliyewachekesha zaidi alikuwa Mama Neema. Huyu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, anakaa Kerege na mumewe dereva wa lori, na binti yake Neema alimwacha kwa jirani. Mnene kidogo, mwanya mkubwa, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Wenzake walichora waridi na asumini, Mama yangu akachora tausi wawili wanaotazamana. Mama Neema akachora kuku na vifaranga vyake.

"Kuku!" alisema Bi Chausiku, ambaye alikuwa mkubwa kuliko wote na mwenye maneno. "Mwenzetu unadarizi mchuzi!"

"Bi mkubwa, tausi sijawahi kumla. Kuku namjua mpaka utumbo. Nidarizi nisichokijua nimdanganye nani?"

Walicheka mpaka Mwalimu Paulina akagonga meza kwa mkasi.

Mimi nilikaa chini karibu na miguu ya Mama na sikuongea na mtu. Akina mama walinisemesha, nikaficha uso. Siku ya pili asubuhi Mama Neema aliinama, akanishika kidevu, akamwambia Mama kwa sauti yake ile, akimwita kwa jina la kaka yangu, "Mama Hamisi, huyu wako ni bubu? Tangu jana sijasikia hata mbuzi anavyolia." Ukumbi mzima ukacheka. Akanipapasa kichwa. "Basi wewe ni bubu wangu."

Sasa najua lilikuwa neno la mapenzi. Siku ile niliona masikio yangu yanawaka moto. Nilimchukia kama watoto wanavyojua kuchukia, moja kwa moja na bila kubakisha.

Mchana ule ule wakatoka nje kula. Pilau ilipakuliwa uani, chini ya turubai. Mimi nilikataa kutoka, naona haya kula mbele za watu, na Mama alijua tabia yangu, akaniacha. Nikabaki na viti, na vitambaa kumi na vinne vimelala kwenye viti vile, kila kimoja kimebanwa kwenye fremu yake ya duara, mikia ya nyuzi inaning'inia chini bila kufungwa. Feni ilikuwa inazunguka na mikia ile ilikuwa inatikisika kidogo kidogo.

Nilikwenda kwenye cha Mama kwanza. Nilichukua uzi mwekundu kutoka kwenye sanduku. Nilichagua mwekundu ili malaika akija auone mara moja, ajue huyu amefungwa, huyu anabaki. Nikapitisha sindano kwenye pembe, upande wa mgongo, nikapiga fundo. Lile ninalofungia mkanda wa sketi ya shule, la kuzungusha mara tatu. Nikavuta kwa meno. Moyo ukatulia.

Nilipotazama vingine, sikuweza kuviacha. Yule wa Chalinze aliyekuja na mto alikuwa amenipa andazi jana yake. Bi Chausiku alikuwa rika la Bibi. Nikamfunga huyu, nikamfunga yule, kiti kwa kiti. Nilikuwa natoka jasho. Sijawahi tena maishani kujiona mtu mwema kama nilivyojiona dakika zile.

Cha kumi na nne kilikuwa cha Mama Neema, karibu na dirisha. Nilikigeuza. Sindano ilikuwa tayari na uzi ulikuwa unatosha. Nje niliwasikia wakisimulia mambo ya harusi fulani, wako mbali na kumaliza. Nataka niliseme wazi kwa sababu nimeliandika hapa mara mbili na kulifuta: nilikuwa na muda. Nilimkumbuka akisema bubu, nikakumbuka kicheko chao, nikasema moyoni, huyu nitamfunga kesho.

Mlango ukafunguliwa. Ni yeye, na sahani ya pilau mkononi, kipande cha nyama kimewekwa juu.

"Bubu wangu, unafunga Ramadhani ya peke yako? Nimekuibia paja. Wasinione." Akasimama. Aliniona na sindano, na uzi mwekundu, na kitambaa chake mapajani mwangu. Nilidhani atapiga kelele. Akacheka taratibu, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Kumbe na wewe unashona! Haya, nishonee na mimi."

Nikatikisa kichwa.

"Kidogo tu. Mshono mmoja. Mtilie huyu kifaranga jicho."

Nikatikisa kichwa tena, nikakiweka kitambaa kwenye kiti, nikachomeka sindano mahali pake. Hakukasirika. Aliniwekea sahani chini, akakaa sakafuni kando yangu kana kwamba hana wenzake nje, akanitazama nikila mpaka nikamaliza nyama. Nikamwona mkono wake, una kovu la moto kwenye kifundo. Nakumbuka kovu lile vizuri kuliko uso.

Siku ya tatu Mwalimu Paulina hakungoja. Tulipoingia tu alikuwa ameshaanza kukusanya vitambaa. Ile kesho yangu ikawa imekwisha.

Akavitoa kwenye fremu, akavilaza mezani, akageuza cha kwanza. Akasogeza miwani. Akageuza cha pili, cha tatu. "Nani kawafundisha haya?" aliuliza. Akaendelea kuvigeuza mpaka kikabaki kimoja mwisho wa meza, na katika pembe ya kila alichokigeuza kulikuwa na fundo jekundu, dogo kama mbegu ya pilipili.

Akina mama wakasogea. Mwanzoni kila mmoja alisema si langu, si langu. Kisha wakaacha kuvigusa. Bi Chausiku akarudi nyuma hatua moja, akaanza kusoma kimya kimya, midomo inatembea, na nikaijua sura anayoisoma. Hata mimi nilikuwa nimeihifadhi chuoni, ya kuomba kinga. Niliihifadhi kwa sauti tu, maana yake sikuijua. Sikujua kwamba kuna watu wanaofunga mafundo ili kuwadhuru wenzao, na kwamba ndio tunaokingwa nao kila asubuhi.

"Nani aliingia humu jana tukila?" aliuliza Bi Chausiku alipomaliza kusoma.

"Mimi nilimwona Mama Neema," alisema mmoja. "Alikuja na sahani."

"Sahani ya nini, naye alikuwa ameshakula?"

"Nilimletea mtoto," alisema Mama Neema. Hakuna aliyenigeukia, maana mtoto wa darasa la pili nani atamdhania mambo hayo?

"Hebu kitambaa chako," akasema Bi Chausiku.

Kilikuwa cha mwisho mezani. Mwalimu alikigeuza mwenyewe. Mgongo wa yule kuku ulikuwa msafi, mzuri kama mbele. Pembe zote nne nyeupe.

"Kumi na tatu vina fundo," alisema Bi Chausiku polepole. "Kimoja hakina."

Mama Neema akatutazama wote, akajaribu kutabasamu. "Labda mchawi anaogopa kuku."

Hakuna aliyecheka. Mpaka leo namsikia akisema vile, na feni ikizunguka.

Ndipo akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayejumlisha hesabu ndogo, moja na moja, akapata jibu. Aliijua sindano ile. Alijua uzi mwekundu ulikuwa mkononi mwa nani. Alikuwa na neno moja tu la kusema na wote wangenigeukia mimi. Alifumbua mdomo, akanitazama tena nilivyobanana na kanga ya Mama, akaufumba.

Mama naye alinivuta. Alinishika mkono akaufunika kwa pindo la kanga, akaubana sana. Nilidhani ananituliza.

Mwalimu Paulina alikemea. Alisema uzi ni uzi, alisema tuna aibu. Bi Chausiku alikuwa ameshakitia chake kwenye ndoo ya maji ya chumvi ili kuvunja uchawi. Mwalimu, nadhani kwa kutukomoa, alilichukua sanduku la manjano akalikabidhi kwa Mama Neema mbele yetu sote. "Mgongo safi ni huu mmoja. Kila Jumatano, hapa." Mama alipiga makofi. Alipiga peke yake, makofi matatu, akaacha.

Jumatano ya kwanza Mama Neema alitoka Kerege akaja, akafungua sanduku, akakaa. Hatukwenda. Tulipita barabarani na Mama tukitoka sokoni, nikamwona kupitia mlango amekaa peke yake kwenye ukumbi ule, anapanga nyuzi zilizokuwa zimeshapangika. Jumatano ya pili ikawa vile vile. Watu walisema usiguse uzi wake. Walisema watu wa bara wana mambo. Nilisikia dukani, nilisikia kisimani, na kila niliposikia nilijiambia nitasema nikifika nyumbani, na nyumbani nilijiambia nitasema kesho. Hilo neno kesho nimelichukia.

Jumatano ya tatu alikuja kwetu. Sanduku alikuwa amelibeba kichwani, amelizungushia kanga.

"Hodi, Mama Hamisi."

"Karibu, karibu mwenzangu." Mama alisimama haraka mno.

"Sikai. Nimekuletea hili. Watakuja kwako."

"Lakini Mwalimu alikupa wewe."

"Alinipa. Na nyuzi zinaoza nikikaa nazo peke yangu. Mume wangu anasema tuhamie Chalinze, malori yote yanasimama kule, na Neema naye ameanza kusemwa shuleni." Akalitua sanduku kwenye mkeka. "Mtoto kusemwa kwa jambo la mamake, hapana."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitoka. Nilikuja mpaka mbele yake na nikafumbua mdomo, nawaapia, neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, ni mimi. Mama akanigeukia. "Nenda kachote maji."

"Mama..."

"Nimesema kachote maji!"

Nikachukua ndoo. Mama Neema akanishika kichwani nilipopita, kama siku ile. "Bubu wangu," akasema. "Kumbe una sauti." Niliporudi hakuwepo.

Akina mama walikuja kwetu, kama alivyosema. Mama aliwafundisha miaka mingi, na foronya zake zilikwenda mpaka Dar es Salaam. Mimi nami nilijifunzia kwenye sanduku lile na ndilo linalonilisha leo. Nilipokuwa nakua kila aliyefariki upande wa Chalinze nilikuwa natega sikio nisikie jina. Nilikuwa na hakika atakuwa yeye, kwa sababu ndiye niliyemwacha bila kufungwa. Kisha Bi Chausiku akafariki, na fundo alikuwa nalo, maji ya chumvi hayakulifungua. Nikaelewa kwamba uzi haumzuii mtu. Ilipaswa nipate nafuu. Sikuipata. Maana fundo lilipoondoka kwenye hesabu, nilibaki na mambo mawili tu, sahani ya pilau na mdomo wangu nilioufumba. Na hayo si makosa ya mtoto asiyejua. Niliyajua.

Basi siku ile ya Bibi, nilipokuwa natafuta kafuri, gazeti lililotandikwa ndani, kwenye sakafu ya sanduku, lilichanika. Chini yake palikuwa na kitambaa kimekunjwa mara nne. Nilijua kabla sijakikunjua. Kuku na vifaranga vitano, rangi zao hazijachuja hata kidogo. Kifaranga mmoja hana jicho.

Tulipomaliza matanga nilikiweka mapajani mwa Mama. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, mimi ndiye ninayemtungia sindano, lakini alikipapasa akakijua.

"Aliniachia makusudi," alisema. "Alisema nimpe yule mtoto atakapokuwa mkubwa. Sikuweza."

"Mama, mafundo yale..."

"Nilijua siku ile ile. Nani mwingine anafunga fundo la kuzungusha mara tatu? Na uzi mwekundu ulikuwa bado umekuzunguka kidole tangu jana yake."

Nikakumbuka pindo la kanga, na mkono wake ulivyonibana.

"Mbona hukusema?"

"Ungeitwa wewe mchawi, una miaka minane?" Akakilaza kitambaa kwa kiganja. "Nilikuwa na mtoto wangu wa kumficha. Yeye alikuwa na nini? Alikufichia wewe bure."

Mama alianza kulia na mimi sikujua kubembeleza. Nilimpa maji.

Sasa kitambaa kiko mbele yangu hapa ninapoandika. Nimetunga sindano, uzi mwekundu, nimekigeuza mgongo juu, na mkono unakataa. Kwa akili yangu najua fundo halitamzidishia wala kumpunguzia siku. Lakini Bibi alinifundisha sheria na nimeishona sanda yake kwa sheria ile: fundo ni la aliye hai. Kama Mama Neema yupo, nataka nimpigie fundo lake alilokosa, na yule kifaranga nimtilie jicho, nikampelekee kwa mikono yangu na niseme mbele ya binti yake na mbele ya yeyote atakayekuwepo kwamba ni mimi. Kama hayupo, basi sina haki ya kumfunga, nitakiacha kama kilivyo na nitakwenda kusema kaburini.

Kwa hiyo naombeni, ninyi mnaonisoma. Ni mama wa kutoka bara, mnene kidogo, ana mwanya, mcheshi, ana kovu la moto kwenye kifundo cha mkono. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Walihama Kerege kwenda Chalinze, baada ya hapo sijui. Binti yake Neema sasa ni wa umri wangu hivi. Kama unamfahamu, au kama wewe ndiye Neema, niandikie. Huna haja ya kuandika mengi, na usijali mwandiko, mmeona wangu. Andika tu yupo, au andika hayupo. Sindano nimeiacha imechomekwa pembeni, na uzi haujafungwa.